Ngamia wa Dubow Wamelamba Msingi Wangu

Nyinyi mnaokunywa chai hapa, someni hii karatasi kabla hamjasikia uongo wa jirani yangu Dubow.

Leo asubuhi ngamia wake wamelamba msingi wa nyumba. Wallahi, wameulamba!

Udongo wetu mweusi wa Galbet mnaujua. Mvua ikinyesha unafura, jua likiwaka unapasuka. Chumba cha dada yangu Habiba kilianguka hivyo hivyo, sasa analala jikoni.

Kumjengea kingine, mimi sikuita fundi. Fundi atanifundisha nini mimi?

Nilichukua majivu ya hoteli, na ile chumvi chafu inayotupwa kwenye stoo ya ngozi. Nikachanganya na udongo, nikamwagia maji, nikashindilia kwenye mtaro wa msingi. Ukawa mgumu kama lami! Nani mwingine hapa angeweza?

Leo natoka msikitini, nakuta ngamia wameinamisha shingo zote ndani ya mtaro. Wanalamba, wanachimba kwa miguu.

Nikamwita Dubow, jirani gani huyu! "Funga wanyama wako, mjinga wewe!"

Akacheka. "Adeer, mzee wangu, umewawekea chumvi mwenyewe, sasa unawafukuza?"

Watu wakacheka. Hata Habiba! "Walaal, ndugu yangu, hiki chumba ni changu au cha ngamia?"

Haya semeni, nani ana makosa hapa?

Kesho nachanganya tena, na chumvi ni ile ile. Mpaka ukuta usimame, Habiba atalala kwenye kitanda changu. Mimi nalala mtaroni na fimbo.

Ngamia anayetaka chumvi aje tuonane.