Nembo Niliyoitoa Mnadani

Mimi ni mhunzi wa visu hapa Nyasubi, Kahama. Nilitaka visu vyangu viwe na nembo. Mnadani nikaona ng'ombe mwenye chapa nzuri pajani, pembe mbili na mshale. Mimi si mfugaji, nikadhani ni pambo. Nikachonga muhuri kama ile chapa, nikagonga visu vyote, kisha mimi na mke wangu tukavipeleka kuuza mnada uleule.

Mzee mmoja mfugaji akasimama mezani pangu.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Visu vyangu umevitoa wapi?”

Nikamweleza kwa upole kwamba nimevifua mwenyewe. Mgambo akaja, akainua kimoja juu.

“Chapa hii ya nani?”

“Ya mzee huyo!” watu wakaitikia.

Sauti ya kwanza ilikuwa ya mke wangu.