Zaida na buibui wenye mayai

Saa mbili asubuhi, maji ya bwawa yanamfika Zaida Abdulcarimo magotini. Mbele yake buibui wa kahawia amekaa kwenye jani, miguu ya mbele ameiegesha juu ya maji, anasubiri kisamaki kipite. Zaida anamfunika kwa kikombe cha plastiki, taratibu.

Mkulima huyu wa mpunga wa Quionga, kaskazini mwa Msumbiji, ameajiriwa mwaka huu, 2013, na watafiti wanaochunguza viumbe kabla ya barabara ya kampuni ya gesi kukatwa.

Anasema bwawani mna buibui wavuvi wa namna mbili, ingawa kwa macho huwezi kuwatenganisha. "Mmoja akiona kivuli huzama. Mwenziwe hukimbia juu ya maji."

Anayekimbia wataalamu wanamjua. Ikithibitika kwamba anayezama ni wa namna nyingine, isiyojulikana kwingine, barabara itazungushwa. Isipothibitika, bwawa litafukiwa, na wanawake wa mtaani kwake watakosa pa kuloweka muhogo.

Dotora Joaquina, mtaalamu wa buibui aliyezaliwa Mueda, hakuridhika. Kuzama si ushahidi, alisema. Anayetambulisha namna yake ni buibui aliyekomaa, na jike hutazamwa chini ya tumbo kwa hadubini. Madume wakubwa hawakuwa wakionekana, na makopo ya Zaida yalijaa wachanga watupu.

"Mamã Zaida, majike wakubwa hawapo?"

"Wapo tele, dotora. Wamebeba mayai mdomoni. Mwenye mayai mimi simshiki."

Ndivyo alivyolelewa, hata kaa mwenye mayai kwao hurudishwa majini. Hakuna aliyemuuliza, naye hakuona haja ya kusema. Miezi yote hiyo alikuwa akiwapita, na ripoti ilikuwa inafungwa wiki ileile.

Siku hiyo Zaida hakula. Kesho yake alimvizia jike mmoja, wa wale wanaozama, akamnyang'anya kifuko cha mayai, kisha jike mwenyewe akamtia katika spiriti. Alilia, wala hafichi.

Hadubini ilikubaliana naye: ni namna mbili. Barabara itapita nyuma ya minazi.

Wenzake walimpongeza. Yeye alikuwa na swali moja tu kwa Joaquina: mayai je?

Alijibiwa kwamba siku zikitimia, mama hukichana kifuko kwa meno ili watoto watoke. Asipokuwepo, wengi hufia ndani.

Sasa kifuko kinaning'inia ndani ya chupa, kivulini, nyumbani kwa Zaida. Anakichungulia kila akirudi shambani. Sindano ameshaichoma kwenye ukingo wa mkeka.

"Mama yao nimemwua mimi," anasema. "Basi nitawafungulia mimi."