Vibuyu Viwili vya Mafuta

"Basi niambie wewe, ni nini kilichomponya mama yako?"

Mwenye duka aliniuliza hivyo mbele ya wateja wake, katika duka lake la mabati karibu na kituo cha reli cha Dodoma. Mimi nilikuwa nimekwenda pale kumuumbua, nikaumbuka mwenyewe. Niliondoka nikimchukia, na mpaka leo sijampenda.

Mama alikuwa na baridi yabisi. Ilianza magotini ikahamia mikononi, vidole vikavimba kwenye maungio, na asubuhi havikukunjika. Kwetu unga wa uwele ulisagwa juu ya jiwe, mwanamke amepiga magoti, uzito wote ameuegemeza kwenye viganja. Asiyeweza kusaga alionekana hana nyumba, na watu walimwambia hivyo hata kama hakuwauliza. Baba alikuwa ameifuata kambi ya Wajerumani waliokuwa wakitandika reli kuelekea Tabora. Wakati hayupo, mwenye kauli kwetu alikuwa dada yake, shangazi yangu, aliyekaa ng'ambo ya korongo.

Siku moja shangazi alikuja, akachota unga kwenye kitunga, akauona ni chenga tupu.

"Wifi, una binti mzima anayekwenda kuchora mchanga kwa wamisheni, halafu wanao wanatafuna chenga kama kuku. Mtoe shule asage."

"Mikono itapona, wifi."

"Itapona lini? Uwele ukiingia ghalani na wewe bado uko hivi, huyu anabaki nyumbani. Na mwanamke anayekaa nyumbani huolewa."

Alinitazama aliposema hivyo. Nilimtazama pia, jambo ambalo msichana hakutakiwa kulifanya. Shule niliyotishiwa kunyang'anywa haikuwa ya raha. Mwalimu alinichapa kwa kuuliza ng'ombe wa Nuhu walilishwa majani gani muda wote ule ndani ya safina. Lakini pale angalau swali lilisikika kabla ya fimbo kushuka. Nyumbani fimbo ilitangulia.

Mama akasikia kwamba yule Mhindi wa dukani hutibu maungio kwa elimu ya kwao ya zamani, iitwayo Ayurveda. Tukaenda. Alimbonyeza vidole, akamwambia atoe ulimi, akautazama kama mtu anayekagua ngozi ya kununua.

"Upepo," alisema. "Upepo umeingia kwenye maungio, umeyakausha."

"Uliingia kupitia wapi?" niliuliza.

"Mtoto huyu ni wako, mama?"

"Ni wangu, bwana. Msamehe."

"Mpe kazi."

Kisha akaanza kuamuru. Mama aache maziwa ya mgando na ukwaju. Asinywe maji baridi, anywe ya moto yenye tangawizi. Chakula kiwe cha moto. Akampa vibuyu viwili vidogo. Kimoja kilikuwa na mafuta ya ufuta yaliyochemshwa na viungo, ya kupaka yakiwa vuguvugu na kusugua asubuhi na jioni. Kingine kilikuwa na mafuta ya nyonyo, ya kunywa kidogo kabla ya kulala.

Njiani mama alisimama akavitazama vibuyu vyake.

"Amekosea, maskini. Amebadilisha."

Nilimwambia hakukosea, alisema wazi. Akanicheka. Ufuta ni chakula, na nyonyo ndiyo mafuta tuliyolainishia ngozi za kuvaa na kujipaka mwilini. Mtu gani mwenye akili anywe kitu cha kulainishia ngozi? Mgeni yule hakujua mambo ya huku, na mama aliona ni adabu kumsahihisha bila kumwaibisha. Basi nyonyo akajipaka magotini na vidoleni, na ufuta akautia kwenye mlenda, tukala wote. Ulikuwa mlenda mtamu sana.

Maziwa ya mgando aliyaacha kweli. Shangazi alipopata habari alicheka mpaka akakaa chini.

"Leo amekukataza maziwa. Kesho atakukataza mume."

Wakati huohuo tulipotelewa na mbuzi mweusi, jike, mwenye mimba. Mama alisema ni fisi. Nilizunguka boma lote, sikuona nyayo.

"Damu iko wapi?" nilimuuliza.

"Fisi hubeba. Wewe nenda shule."

Nikaenda shule.

Na mama akapona. Nilikuwa nikiondoka alfajiri, na nikirudi nilikuta kitunga kimejaa unga laini, laini kuliko ule aliousaga alipokuwa mzima. Mama alikaa kwenye kigoda, mikono ameifunika kwa nguo, akisema hataki joto la dawa litoke. Uwele ukavunwa, ukaingia ghalani. Shangazi akaja kama alivyoahidi, akatia unga kidogo ulimini.

"Haya," alisema. "Mikono imepona. Kachore mchanga wako."

Hakuonekana amefurahi wala amechukia, na hilo pia lilinikera.

Mama akanituma dukani na asali ya shukrani. Nilibeba asali, na nilibeba habari. Nilingoja mpaka duka lijae vibarua wa reli, nikamwambia mwenye duka kwa sauti kwamba mgonjwa wake alikula dawa ya kupaka na akajipaka dawa ya kunywa.

Kibarua mmoja aliguna. Mwingine akauliza kama hiyo ya kula ilikuwa tamu.

Mwenye duka hakucheka. "Maziwa je?"

"Ameacha."

"Maji ya moto?"

"Anakunywa."

"Basi."

"Basi nini? Dawa ni mafuta au ni kuacha maziwa?"

"Vyote ni dawa."

"Vyote hakuvifanya."

"Anasaga au hasagi?"

"Anasaga."

Hapo ndipo alipoegemea meza na kuniuliza lile swali. Nilitafuta jibu. Nisingeweza kusema ni joto la jua, maana kipupwe kilikuwa kimeanza na hata wazima walilalamika magoti. Vibarua walinitazama. Mwenye duka akachukua asali, akafungua kifuniko, akaonja, akaendelea na wateja.

Baada ya hapo nilihamia kulala misheni na wasichana wengine. Nikija nyumbani kusalimia, unga upo, mama yuko kwenye kigoda chake, mikono chini ya nguo. Nikamaliza shule, nikafundisha wengine, na kila mtu aliyenisifia dawa ya mafuta nilimhoji kama hakimu, kwa sababu ya jibu lile nililolikosa.

Wajerumani walikuwa wameshaondoka, na mama hayupo tena duniani, nilipokwenda kumtazama shangazi. Vidole vyake vilikuwa vimepinda vibaya. Nilimwamkia, akaitikia bila kuinua uso. Kwa kutafuta la kusema, nikamsimulia habari za vibuyu viwili, na jinsi mama alivyopona kwa kukosea.

"Nani alipona?" alisema. "Mikono ya mama yako haikupona hata siku moja. Unga nilisaga mimi, wewe ukishapita njia ya shule. Unadhani hivi vidole vimepindwa na nini?"

"Ulitaka niache shule, shangazi. Kisha ukasaga ili nisiache?"

"Nilitaka mbuzi."

Fisi hakumla yule mbuzi mweusi. Mama alimpeleka mwenyewe kwa kamba ng'ambo ya korongo, pamoja na mimba yake, ndiyo yakawa malipo ya kusagiwa mpaka nimalize shule.