Swali la Mnoa Mapanga

Mnoa mapanga wa gulio la Mabira huketi juu ya baiskeli isiyokwenda popote. Miguu yake huzungusha jiwe la kunolea, na kidole gumba chake hupapasa makali taratibu, kama anayepima homa ya mtoto. Tangu kaka yake ahukumiwe kwa kumuua jirani waliyekuwa wakigombania naye mpaka wa kibanja cha migomba, kwa panga lililonolewa hapa hapa, hanoi panga lolote bila kuuliza kwa sauti ya chini, "La kukatia nini?" Vijana wa bodaboda humtania: "La kukatia keki, fundi!" Hacheki. Hungoja jibu la kweli, ndipo apige pedeli. Yale ya kaka yake huyaita "ile ajali".

Wiki iliyopita alikuja mjane wa yule jirani, panga lake limefungwa kwa jani la mgomba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Fundi akalipokea, akaanza kunoa bila kuuliza.

"Mbona mimi huniulizi?"

Miguu ilisimama. Jiwe liliendelea kuzunguka lenyewe.

"La kukatia nini, mama?"

"Migomba. Na lile la kaka yako lilikata nini?"

Vijana wa bodaboda waligeuka, wakisubiri neno lake la siku zote, "ile ajali". Kidole gumba cha fundi kilirudi kwenye makali.

"Lilimkata mume wako."

"Haya, noa," alisema mama. Akasogea karibu mno, cheche zikawa zinaangukia kanga yake, naye hakuzipangusa.