Dawa ya Kupe Kwenye Kikombe cha Mama Mkwe

Jamani, haya nilikuwa nimeapa kufa nayo, lakini kwa kuwa kijiji chetu cha Runazi kizima kinayajua, hata watoto wa shule wanaigiza nilivyokimbia, bora myasikie kwangu mwenyewe mwenye aibu yangu.

Mimi ni mfugaji, ng'ombe wangu si wengi, ila maneno ninayo mengi (mke wangu atawathibitishia hilo bila kuulizwa), na maneno hayo ndiyo yaliyofanya nichaguliwe kwenye kamati ya maji ya kijiji. Bomba lilipofika kwetu tulimleta fundi, dada mmoja wa Kanazi kule Ngara, anaitwa Anitha, amesomea ufundi bomba na cheti anacho, akatueleza mkutanoni kwamba kila nyumba yenye mifugo lazima ifungwe vali ya kuzuia maji yasirudi kwenye bomba la kijiji, na kwamba atakuja kila mwaka kuipima kama bado inafanya kazi. Nami nikasimama. Sijui nani alinituma. Nikamuuliza, "Binti, tangu uzaliwe umewahi kuona maji yakirudi kwao?" Watu walicheka, wengine wakapiga makofi, nikakaa chini nimejaa sifa. Anitha alisubiri wamalize, akasema tu, "Baba, maji yakikatika bomba linanyonya." Akanifungia vali yangu vizuri, akaenda zake.

Sasa ile vali ikawa inaniudhi, maana niliona pipa la kuogeshea ng'ombe linachelewa kujaa, nikaamini vali ndiyo inayonibania. Wiki haikuisha nikaing'oa, nikaunga kipande cha bomba mahali pake, maji yakaja kwa fujo, raha tupu! Vali yenyewe nikaitumia kuzuia mlango wa banda la ndama.

Ikafika Jumapili ambayo shemeji yangu Deus, kaka wa mke wangu, alikuwa na wageni wa posa ya binti yake. Deus anakaa chini ya mteremko wetu, bomba letu ni moja, na mama mkwe wangu anaishi kwake. Mke wangu alikuwa huko tangu asubuhi anapika, mimi niliambiwa nifike saa nane, nimeoga. Nikasema ngoja kwanza niogeshe ng'ombe. Nikatumbukiza mpira wa maji mpaka chini kabisa ndani ya pipa, likajaa karibu na ukingo, nikamimina dawa ya kupe, nikakoroga mpaka ikawa nyeupe kama maziwa, na hapohapo maji yakakatika. Nikaacha mpira ndani na koki wazi (yakirudi yatamalizia kujaza, si ndiyo?), nikaenda kuleta ng'ombe.

Niliporudi, pipa lilikuwa nusu.

Kwanza nilidhani ng'ombe mmoja amenitangulia akalinywa, nikawahesabu, nikawakagua midomo, wote wazima. Nikazunguka pipa kutafuta tundu, hakuna. Nikainua mpira, na ulipotoka kwenye dawa ukafanya fyuuu, unavuta hewa. Nilisimama nao mkononi. Bomba linanyonya. Na huko chini, kwa Deus, kuna mtu kafungua koki akitafuta maji ya wageni.

Nilifunga koki, nikapiga simu ya mke wangu, ikalia kwenye dirisha letu, ameisahau. Basi nikakimbia. Sikukumbuka kwamba nimevaa kaptula ya kazi iliyochanika nyuma, buti, na juu sina kitu. Nilikuwa naomba Mungu kwa sauti, "Wasinywe, Baba, wasinywe," na kila niliyempita njiani akaanza kunifuata kuona kuna nini.

Uani kwa Deus wageni walikuwa wameketi, wazee watatu wa Ngara wenye makoti yao, na mama mkwe wangu kwenye mkeka, kikombe kiko mdomoni. Sasa elewa, sisi tuliotoka Shinyanga mama mkwe humkaribii, unachuchumaa mbali, unasema shikamoo mama, anaitikia marahaba, kila mtu anaangalia pembeni. Miaka yote ya ndoa yangu sijawahi kumgusa hata kidole. Nilimrukia, nikampokonya kikombe, mkono wake nikaushika, maji yakatumwagikia wote wawili.

"Msinywe! Maji yana sumu!"

Mzee mmoja wa Ngara akaweka kikombe chake chini polepole. "Sumu ya nani?"

"Shemeji, umelewa?" Deus aliuliza, akiwatupia macho wale wazee, maana posa ya mwanawe ilikuwa inamponyoka machoni.

Ikabidi niseme yote, pale, mgongo wazi, kaptula imechanika, mbele ya umati niliouburuta mwenyewe: pipa, dawa, mpira, na kwamba vali niliing'oa kwa mkono wangu. Hakuna aliyecheka. Wazee walinyanyuka, wakaondoka bila kula.

Wao walikuwa hawajanywa. Mama je? Tulimpeleka zahanati, nikakaa nje kwenye ngazi, na kumuuliza kama amemeza siwezi, si desturi, nikawa namtuma mke wangu kila baada ya muda, "Kamuulize mama amemeza?" naye anarudi, "Daktari anasema tusubiri." Nilisubiri mpaka jioni. Nilishaanza kuwaza nitawaambia nini wanangu kuhusu bibi yao.

Mwishowe akatoka mwenyewe, anatembea. Harufu ndiyo iliyomfanya asite, ulimi tu ndio uliogusa. Akaja mpaka nilipokaa, karibu kabisa, akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza maishani.

"Baba," akasema, "yamerudi kwao?"

Kesho yake Anitha alikuja, akaosha bomba lote, akauliza, "Vali yangu iko wapi?" nikamwonyesha mlango wa ndama. Hakunicheka, na hapo ndipo nilipoumia zaidi. Akafunga vali mpya, akaipima kwa geji yake mbele yangu. Siku hizi akija kupima mimi ndiye ninayembebea mkoba wa spana, na mpira wangu unaning'inia juu ya pipa, hauingii ndani hata kwa dawa. Wageni wa Ngara nao walirudi, posa ikapita, ila walikuja na dumu lao la maji.

Na kwa Deus, kila nikienda, kabla sijakaa mama mkwe anatuma kikombe cha maji ya bomba, kisha wote wananitazama. Nachuchumaa mbali, nakinywa chote, nawaonyesha kikombe kitupu. Ndipo na wao wanakunywa.