Kiguu na Njia Atafuta Gari

Watu walimwita Kiguu na Njia, na jina lilimkaa sawasawa. Alikuwa fundi friji. Kutwa alizunguka mtaa hadi mtaa, mtungi wa gesi begani, mkoba wa vifaa mkononi. Hata akisimama kwenye foleni, mguu mmoja ulikuwa ukitikisika. Bega lilipomuuma hadi akashindwa kuinua kikombe, akaamua: liwalo na liwe, atanunua gari.

Benki wakamkatalia mkopo palepale. Gari alilolitamani, la mwalimu mmoja mstaafu, lilikuwa zee kupita umri walioukubali. Akakimbilia chama cha kuweka na kukopa. Huko walikubali, mradi alete mdhamini. Akamwendea dada yake, muuza vitambaa.

"Nitatia sahihi," dada akasema huku akikunja kitambaa, "lakini kwanza shemeji yako alale chini ya hilo gari."

"Dada, linang'aa kama sahani! Tukichelewa litachukuliwa."

"Likichukuliwa, halikuwa riziki yako."

Wiki hiyo hakukalika. Kila alipokwenda kazini alizungukia nyumbani kwa mwalimu, achungulie getini kama gari bado lipo. Siku moja alimkuta mtu kaegemea boneti, roho ikampaa. Kumbe jirani tu, anafunga kamba za viatu.

Shemeji, makanika asiye na maneno mengi, alipofika kwa mwalimu alitandika gunia akajisukumia chini ya gari. Kiguu na Njia akawa anazunguka kama kuku anayetaka kutaga.

"Vipi, shemeji? Injini?"

"Injini nzima."

"Basi, mambo yameisha!"

"Ngoja kwanza."

Bisibisi ikagonga, ikagonga, halafu ikazama. Chuma kilikuwa kimeoza. Gari liliwahi kuvunjika katikati, likaungwa na kupakwa rangi juu.

"Haiwezekani," mwalimu akasema. "Mimi nililinunua hivihivi."

Akapiga magoti na suruali yake iliyopigwa pasi, akachungulia mwenyewe. Hakuinuka.

"Wajukuu zangu," akasema taratibu. "Kila asubuhi nawapeleka shule na gari hili."

Kiguu na Njia hasira zilikuwa zimemfika kooni, maneno makali yako tayari. Badala yake akajikuta anamshika mzee mkono na kumwinua. "Mungu amekuepushia, mwalimu."

Kesho yake alikuja mnunuzi mwingine, pesa taslimu mkononi, hana fundi wala maswali. Mwalimu akamfungulia geti, akamwonyesha palipooza, akamuaga kwa heri. Gari akaliuza chuma chakavu.

Kiguu na Njia akaanza upya. Karani wa chama akaguna, akamwambia asubiri. Akasubiri kama mtu aliyekalia siafu, mpaka shemeji alipompatia kigari cha mizigo, mwili wa buluu, mlango mmoja wa njano. Kizee, ila mifupa mizima. Dada akatia sahihi akiwa amesimama dukani, wateja wanamngoja.

Bega limepata nafuu. Utulivu bado. Mkewe akimwekea chakula, anakula akichungulia dirishani.

"Baba watoto, kaa ule. Gari halina miguu."

"Lina magurudumu," anajibu, na kutoka kwenda kuangalia breki ya mkono.