Joto la Mashavu Yangu

Mimi nilianza kwa kubeba ndoo za maua shambani kule Karagita, nikiwa nimeishia darasa la sita, na leo nyumba yangu ya Milimani ina jakaranda mbili getini. Sikuonyeshwa njia na mtu. Kwa hivyo uso wangu ulipoanza kuwaka, nilijua nitautibu mwenyewe.

Ulianza polepole, kama jua linavyopanda ziwani. Nikinywa chai ya moto, mashavu yanachoma. Nikisimama juani, yanachoma. Halafu vipele vidogo puani, na macho kama yana mchanga. Kwa kioo sikuona wekundu. Mimi ni mweusi sawasawa. Lakini mke wangu aliona pua inavyong'aa. Pombe ndiyo ilimuua babake, na siku ya kumwoa niliapa sitaionja. Sijaionja. Hata hivyo kila jioni alianza kuniinamia, kana kwamba ananisalimia, akaninusa mdomo.

"Baba watoto, niambie tu," alisema siku moja. "Hiyo pua naijua."

Nikaamua kulitoa hilo joto nje. Kila jioni nilichemsha mwarobaini na majani ya mkaratusi, nikajifunika blanketi juu ya sufuria. Mle chini kulikuwa raha. Mvuke ulinirudisha kwenye zile nyumba za plastiki za kukuzia maua, ukungu wa joto, mawaridi yamejipanga bila mwisho, nami kijana naelea katikati yake nikijua nitakuwa mtu. Nikitoka, uso umevimba, na mke wangu ananitazama kama mtu aliyeokotwa mtaroni.

Mwishowe alinipeleka kwa daktari wa ngozi pale mjini, nadhani apate shahidi. Daktari, msichana wa rika la kifungua mimba wetu, aliweka mgongo wa mkono shavuni mwangu, akauliza habari ya chai, jua na pilipili. Nilipomweleza ujuzi wangu wa blanketi, akacheka.

"Mzee, umekuwa ukijipika. Huu ni ugonjwa wa ngozi, unaitwa rosasia. Hata asiyeonja pombe huupata. Kwa ngozi yetu wekundu hujificha, joto ndilo husema."

Hauponi kabisa, akaeleza, ila hutulizwa: dawa ya kupaka, mafuta ya kukinga jua, kofia, chai ipoe kwanza, na sufuria irudi jikoni.

Jioni hiyo mke wangu alimimina chai yangu kikombe hadi kikombe, akiinua juu, uzi mrefu wa kahawia, mpaka mvuke ukaisha. Akanisogezea. Nilingoja aniinamie. Akaketi, akanywa yake.